Programu Wakala katika Seva Pepe: Usakinishaji na Utaratibu wa Kutafuta Hitilafu

Seva pepe ni kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ambapo kompyuta halisi huitwa mwenyeji na ile pepe huitwa mgeni. Mwenyeji humgawia mgeni prosesa, kumbukumbu na diski, lakini hajui yanayoendelea humo ndani, kwani diski ya mgeni kwake ni rundo la data tu, na hawezi kutambua kama hifadhidata imo katikati ya kuandika. Pengo hilo huzibwa na programu wakala, yaani programu ndogo inayosakinishwa ndani ya mgeni ili ipokee amri za mwenyeji na kuzijibu. VMware ina VMware Tools, VirtualBox ina Guest Additions, na mifumo inayotegemea KVM, teknolojia iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, hutumia qemu-guest-agent, ambayo inachambuliwa hapa kwa mfano wa Proxmox VE, jukwaa la kusimamia seva pepe.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi, kwa kuwa katika Debian na Ubuntu amri ya apt install qemu-guest-agent inatosha, na wepesi huo huwafanya wengi waamini kuwa kazi imekwisha ilhali imekamilika upande mmoja tu. Programu hiyo haiwasiliani na mwenyeji kwa mtandao wa kawaida, bali kwa poti pepe iitwayo org.qemu.guest_agent.0, ambayo sharti iundwe na mwenyeji, kwa mfano kwa amri ya qm set 101 --agent 1, ambapo 101 ni namba ya mgeni. Kwa vile poti hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya maunzi ya mgeni, ni lazima mgeni azimwe kabisa kisha awashwe. Akijiwasha upya kutoka ndani, mchakato wa QEMU unaomwendesha huko kwa mwenyeji huendelea ule ule, na poti mpya haionekani.

Utafutaji wa hitilafu unapaswa kufuata njia hiyo hiyo ya mawasiliano, kuanzia chini kwenda juu. Hatua ya kwanza, kwa mgeni wa Linux, ni kutazama saraka ya /dev/virtio-ports: poti isipokuwamo, tatizo liko katika mipangilio ya mwenyeji au mgeni hajazimwa kabisa, na kusakinisha programu upya hakutasaidia lolote. Katika Windows, poti inaweza kuwapo lakini isitambuliwe mpaka kisakinishwe kiendeshi cha vioserial, kinachopatikana katika diski ya virtio-win. Poti ikishathibitishwa, huangaliwa kama huduma inafanya kazi, kwa systemctl status, ndipo mwenyeji ajaribu qm agent 101 ping, ambayo isipotoa ujumbe wowote inamaanisha kuwa wakala amejibu. Iwapo jaribio hilo litafaulu lakini amri fulani, kama guest-exec, ikakataliwa, chanzo kinaweza kuwa sera ya usalama, kwa kuwa Red Hat na jamaa zake huzuia baadhi ya amri katika faili la /etc/sysconfig/qemu-ga.

Usakinishaji wa nusu una madhara makubwa kuliko kutosakinisha kabisa. Mwenyeji aliyeambiwa kuwa wakala yupo humpa wakala amri ya kuzima badala ya kutumia ishara ya ACPI, yaani ile ya kitufe cha kuzimia, na wakala asipokuwapo amri hiyo husubiri hadi muda wake uishe huku seva ikiendelea kufanya kazi. Uzimaji unaokwama huonekana mara moja, lakini hitilafu katika nakala rudufu haionyeshi dalili. Kabla ya kunakili, mwenyeji hutuma amri ya fs-freeze, inayositisha uandishi kwa muda mfupi ili data ya diski iwe katika hali timilifu, na katika Windows usitishaji huo hauwezi kuzidi sekunde 10. Wakala asipojibu, Proxmox huiruka hatua hiyo, hunakili diski kama ilivyo, na kuripoti kuwa kazi imefaulu, ingawa nakala inayopatikana ni sawa na diski ya seva iliyokatikiwa umeme ghafla. Kwa hiyo, msimamizi hawezi kusema kuwa usakinishaji umekamilika kabla ya kusoma kumbukumbu za kazi ya nakala ya kwanza na kuona kwamba fs-freeze ilitumwa na haikurukwa.