Kasongo katika Maisha ya Tippu Tip: Mkristo na Kitabu cha Mji Wake

Mnamo 1974, François Bontinck, padri wa shirika la Scheut na mwanahistoria, alitoa tafsiri ya Kifaransa ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Matini ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa Berlin na Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903. Kwamba padri alijitaabisha kwa ajili ya kitabu cha mfanyabiashara Mwislamu ni jambo la kuzingatiwa. Kasongo, uliokuwa makao ya Tippu Tip, ni makao ya dayosisi ya Kikatoliki tangu 1959. Je, Mkristo wa Kasongo au wa Kabambare akisomeje kitabu hiki?

Kwa upande wa fani, nathari yake ni nyepesi: sentensi fupi, mazungumzo, hesabu za frasila za pembe. Wepesi huo ndio unaotisha. Mateka huingia katika masimulizi kama ngawira, wakatoka bila kutamka neno. Mfano ulio wazi ni ule wa Kasongo Rushie, mtemi wa Utetera, ambaye jina lake lisichanganywe na la mji. Msimulizi anajidai kuwa ni wa ukoo wake kupitia kwa bibi aliyetekwa zamani. Mzee anafurahi, anamkabidhi utawala. Hapa undugu, neno linalotajwa kila Jumapili kanisani, umekuwa ngazi ya kupandia kitini.

Hata hivyo, kukitupa kitabu si jibu. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara hiyohiyo ya pembe na watumwa, nacho ndicho Mkristo anachosalia. Kanisa, msalaba, injili, dhambi na neema ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Sala ya Mkristo na swala ya Mwislamu ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. Mtume, neno la Kibantu, humtaja Muhammad msikitini na Paulo kanisani. Anayetaka kujitenga na utamaduni wa mji huu atajitenga kwa maneno ya mji huu.

Wala matini za Kikristo hazina usafi wa kujivunia. Mnamo 1870 David Livingstone, akiugua vidonda vya miguu, alikaa miezi kadhaa Bambarre, yaani Kabambare, miongoni mwa wafanyabiashara Waislamu waliomsaidia. Mwaka uliofuata alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, akayalaani kwa maandishi. Lakini uchunguzi wa shajara yake uliotangazwa mnamo 2011 ulionyesha kwamba baadaye aliirekebisha habari hiyo, na kwamba huenda baadhi ya watu wa msafara wake walihusika. Naye pia alikuwa na la kunyamazia.

Basi hoja ya kujitenga haisimami. Hoja ya kuupokea utamaduni kama ulivyo haisimami pia. Kinachotakiwa ni usomaji unaouliza, katika kila matini, ni nani asiyesema. Waislamu wengi wa Kasongo ni wazawa wa Maniema, na wahenga wao waliipitia misafara hiyo kama wahenga wa majirani zao Wakristo. Asiyesema katika kitabu cha Tippu Tip ni babu wa wote wawili. Kwa hiyo kitabu hiki kisomwe nao pamoja, darasani, katika Kiswahili chake.