Faili la Ihumwa Limefungwa Mapema Mno

Mliohudhuria kikao cha kesi mlimwona yule kibarua wa Ihumwa kwenye slaidi: malengelenge nyuma ya viganja, ngozi inayochubuka kwa kuguswa tu, vinyweleo vimejaa mashavuni, mkojo rangi ya chai kavu. Ikafuata slaidi ya majibu: kimeng'enya UROD cha seli nyekundu, kawaida. Chini yake, porfiria imeondolewa. Akapewa krimu ya steroidi, akarudishwa kwenye jua la Dodoma.

Hapo ndipo kesi ilipoharibika. UROD ya damu haiwezi kuondoa porfiria kutanea tarda. Kwa takriban wagonjwa wanne kati ya watano, kimeng'enya hiki hupungua ndani ya ini peke yake. Seli nyekundu hutoa jibu safi kabisa huku uroporfirini ikijaa kwenye ngozi na kuichoma kila jua linapoipiga. Kwa wenye aina ya kurithi tu ndipo hushuka hadi karibu nusu mwili mzima, damu ikiwemo. Mtafiti Elder na wenzake walituonyesha upungufu huo wa ini mwaka 1978! Kipimo cha UROD ya damu huombwa mwishoni, ugonjwa ukishathibitishwa, ili kujua ni wa kurithi au la. Hata kikiwa chini hakimtii mtu ugonjwani, maana wengi waliorithi hawaugui kamwe.

Damu ilichukuliwa, ikapozwa na kusafirishwa ipasavyo.

Mkojo je? Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema: uchunguzi wa porfiria ya ngozi huanzia kwenye mkojo na plazma, vikiwa vimefungwa foili tangu kitandani kwa mgonjwa, kwa sababu mwanga huziharibu porfirini. Mtafiti Barnes alipoandika juu ya porfiria kwa Waafrika wa Witwatersrand mwaka 1955, hakuwa na UROD ya kumpotosha. Zima taa, washa taa ya Wood, inua chupa: mkojo wenye porfirini nyingi hung'aa wekundu wa waridi. Usipong'aa, bado hujaondoa kitu, pima kiasi. Plazma nayo husomwa: kilele karibu na nanomita 620 huelekeza kwenye tarda, karibu na 626 kwenye porfiria variegata, ambayo ngozi yake hufanana kabisa na hii lakini dawa isiyofaa, kama barbiturati, inaweza kumuua mgonjwa. UROD ya kawaida haizitenganishi hizi mbili.

Mgonjwa aitwe arudi wiki hii. Apimwe homa ya ini C, VVU na feritini, aulizwe pombe bila kuhukumiwa. Ikithibitika ni tarda, atolewe damu, kama mililita 450 kila wiki mbili, hadi feritini ishuke; au apewe haidroksiklorokwini miligramu 100 mara mbili kwa wiki, si zaidi, kwani dozi kubwa huliumiza ini. Na kabla ya yote hayo, leo hii, apate kofia pana na shati la mikono mirefu.