Sifa za Seremala wa Fomu

Jengo la zege likishasimama, kazi ya seremala wa fomu, anayeunda kalibu za kumwagia zege, haionekani tena. Mbao zimefumuliwa, mirunda imeondolewa, na mpita njia husifu nguzo zilizonyooka bila kumjua aliyezinyoosha. Ila zege bichi halina umbo lake, na ni zito: mita moja ya ujazo hufika kilo 2,400 hivi. Sakafu ya unene wa sentimita 15 hubebesha fomu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla hujahesabu nondo na mafundi wanaotembea juu yake. Uzito wote huo hukaa juu ya kazi ya seremala mpaka zege lipate nguvu ya kujibeba.

Ninachokienzi zaidi hufanyika kabla ya msumari wa kwanza, nacho ni kuchagua. Nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba visivyolingana inataka mbao na plaiwudi, kwa kuwa fundi hukata na kuunga papo hapo. Jengo la ghorofa kumi na mbili zinazofanana ni habari nyingine. Hapo paneli za alumini, ghali kuzinunua, hurudisha fedha zake, maana zikitunzwa hutumika zaidi ya mara mia, na hupandishwa kwa mkono bila kreni. Fomu za chuma zinazomwagiwa ukuta na sakafu kwa pamoja zina kasi kubwa, ila pasipo kreni ni mzigo tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Pennsylvania, Marekani, mtafiti Awad Hanna aliunda programu ya kompyuta ya kusaidia uchaguzi huu, akiitegemeza kwenye maarifa ya wazoefu wa fomu. Wengine wamefuata mbinu ya Thomas Saaty ya kupima vigezo kwa kuvilinganisha. Chukua vigezo vitano: gharama, muda, usalama, ubora wa uso wa zege na ujuzi wa mafundi waliopo. Vinalinganishwa viwili viwili, jumla mara kumi, kwa alama 1 hadi 9. Ukisema usalama unazidi muda, na muda unazidi gharama, kisha ukaandika kuwa gharama inazidi usalama, hesabu itakuumbua. Naipenda mbinu hii kwa ukali wake huo.

Lakini alama hizo hutoka kwa watu, na anayejua zaidi mara nyingi haulizwi. Seremala ndiye anayejua kuwa plaiwudi isiyozibwa kingo huvimba ikinyeshewa, kuwa mrunda uliosimikwa kwenye udongo laini bila ubao chini yake utadidimia, kuwa nguzo ikimwagwa haraka zege husukuma fomu kwa nguvu zaidi chini kuliko juu. Bila maarifa hayo jedwali la alama hutoa jibu safi lisilolijua eneo la ujenzi.

Wahandisi, mwiteni seremala kabla alama ya kwanza haijaandikwa, na siku hiyo mlipeni ujira wake kamili.