Jembe, Piano na Shamba la Cũcũ

Siku ya ngoma pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, jembe huacha kulima. Wachezaji wa bugobogobo hulirusha, hulizungusha na kulidaka bila kupoteza pigo. Ngoma hii ilizaliwa shambani, watu walipolima kwa makundi huku wakiimba, na Wasukuma hawajawahi kuona ajabu chombo cha kazi kuingia katika muziki.

Kwa hiyo masikio ya Mwanza yako tayari kabisa kumpokea Nyokabi Kariũki.

Mtunzi huyu Mkenya, aliyezaliwa mwaka 1998, alianza na piano utotoni, akasomea utunzi New York. Huandika muziki wa ala na wa sauti za waimbaji, kisha huufuma kwa kompyuta pamoja na sauti alizozirekodi mahali anapopapenda. Mwaka 2022 alitoa "peace places: kenyan memories", mkusanyiko ambao kila kipande kina makazi yake. "Galu" ni ufuo wa kusini mwa pwani ya Kenya. "A Walk Through My Cũcũ's Farm" ni matembezi katika shamba la bibi yake. Kiswahili, Kikuyu na Kimaa hukutana humo kama majirani kisimani.

Ni rahisi kurekodi ndege, kuweka kinanda juu yake na kuona kazi imekwisha. Ndege huyo atabaki pambo tu. Kwa Kariũki shamba lenyewe ni ala: lina zamu yake ya kusema na zamu ya kunyamaza, na mwimbaji hulisubiri. Hapo ndipo ufundi wake ulipo, katika kusikiliza kabla ya kuandika.

Mwaka 2023 aligeuza masikio ndani ya mwili wake. "FEELING BODY" ilitokana na Uviko uliokataa kumtoka kwa muda mrefu. Vipande viwili vya albamu hiyo vinaitwa "Subira" na "Nazama". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Aliyewahi kuuguza mtu miezi mingi anayajua maneno hayo yote mawili.

Sasa turudi Mwanza, mtu ashuke mwaloni Kirumba alfajiri. Mitumbwi inagongana, dagaa wanamwagwa, bei inapigiwa kelele, na mbele kidogo maji yanayapiga mawe ya Bismarck kama yalivyofanya usiku kucha. Kijana wa hapa mwenye simu na kompyuta ya kuazima ana pa kuanzia.