Walimu wa Kandanda katika Filamu za Kumbukumbu

Kazi ya mwalimu wa kandanda ni ngumu kushuhudia. Mchezaji hufunga bao, nasi twaliona. Mwalimu husimama kando ya uwanja, na sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha fanyika kabla ya mchezo kuanza. Kwa hiyo filamu yenye kudai kumweleza mwalimu haina budi kujibu swali moja: mtu huyu alifanya nini ambacho mahali, wakati na watu waliomzunguka hawakukifanya?

Filamu ya Jonny Owen, The Three Kings, iliyotoka mwaka 2020, yalikabili swali hili kwa ustadi. Yasimulia habari za Matt Busby wa Manchester United, Bill Shankly wa Liverpool na Jock Stein wa Celtic. Wote watatu walizaliwa katika nchi ya makaa ya mawe huko Scotland, na wote walionja kazi ya mgodini. Huko chini uhai wa mtu hutegemea uangalifu wa mwenziwe, na fundisho hilo ndilo walilolihamishia uwanjani. Celtic ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Manchester United ikafuata mwaka 1968, miaka 10 baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua watu 23. Walakini jina la filamu lapingana na hoja yake. Ufalme hurithiwa, watu hawa hawakurithi kitu, walifunzwa na kijiji.

Sir Alex Ferguson: Never Give In, ya mwaka 2021, ni kazi ya namna nyingine. Mwongozaji wake ni Jason, mwana wa Ferguson, na kiini chake ni maradhi ya mwaka 2018, damu ilipovuja katika ubongo wa baba naye akahofu kupotewa na kumbukumbu. Hofu hiyo yaipa filamu uzito wa kweli. Lakini tukumbuke kisa cha Fumo Liyongo: mwana ndiye aliyeijua siri ya baba, na kwa siri hiyo akamwua. Hapa mwana aijua siri na kuilinda. Upendo huo wastahili heshima. Walakini shahidi aliye karibu mno huona uso vizuri kuliko mazingira. Mtazamaji mgeni aweza kusahau kwamba klabu hiyo ilianzishwa na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath mwaka 1878, miaka 108 kabla Ferguson hajafika.

Msomaji wa Mashewa, wilayani Korogwe, ana haki ya kuuliza mambo haya yamhusu nini. Yamhusu sana. Joel Bendera, aliyepata kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, alikuwa miongoni mwa walimu wa Taifa Stars iliyotoka sare ya 1-1 na Zambia huko Ndola mwaka 1979, ikafuzu kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Tanzania haikuzirudia fainali hizo hadi mwaka 2019. Bendera alifariki mwaka 2017, kabla ya marejeo hayo.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Basi filamu ya mwalimu wa kwetu haiwezi kuiga ile ya Owen, iliyokuta ghala la picha limejaa. Wengi waliujua mchezo wa Ndola kwa masikio, redioni; na filamu hiyo nayo itaanza kwa masikio, kwa vinywa vya wachezaji wazee na vya waliosikiliza. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wamekwisha funzwa kukusanya ngano na nyimbo. Habari za mwalimu na timu yake ni masimulizi vilevile, na wenye kuyahifadhi hupungua kila mwaka. Tusingoje mtengeneza filamu. Tuwaendee wazee hao sasa, tuandike wasemayo, sifa na lawama pamoja.