Orodha na Soko: Nyangwe Machoni pa Wakala

Mwishoni mwa Oktoba 1876 Henry Morton Stanley aliingia Nyangwe, mji wa wafanyabiashara uliokuwa kwenye ukingo wa mto Lualaba, kusini mwa Maniema. Katika kitabu chake Through the Dark Continent, kilichochapishwa mwaka 1878, aliorodhesha bidhaa za soko la mji huo: viazi vitamu, mahindi, ufuta, mihogo, asali, kuku, samaki wabichi na wakavu, kumbikumbi, panzi, tumbaku, majembe, mikuki, mikeka, kuni. Mwishoni kabisa vimewekwa vitu viwili: pembe za ndovu na watumwa. Kinachotenganisha kuni na binadamu katika sentensi hiyo ni alama ya mkato tu. Baada ya hapo mwandishi anaridhika kwamba mahitaji ya mji yanatimizwa vizuri.

Orodha hii haifai kubezwa. Bila hiyo msomaji wa leo asingejua kwamba panzi waliuzwa Nyangwe, wala kwamba soko hilo lilikuwa na utajiri kiasi hicho. Hata hivyo, orodha kama utanzu ina tabia yake: kila kinachoingia humo hupewa cheo kimoja na mwenzake, na kisichohesabika hubaki nje. Tabia hiyo inastahili kuchunguzwa upya kwa sababu utanzu wenyewe umepata msomaji mpya asiyekuwa mtu.

Tangu kanuni iitwayo Model Context Protocol ilipotolewa Novemba 2024, waundaji wa programu wamekuwa wakitengeneza vyombo vinavyoiwezesha akili unde kuingia katika hifadhi mbalimbali za habari na kutenda kwa niaba ya mtu. Miongoni mwa hifadhi hizo ni masoko ya michezo ya kompyuta. Soko la Steam, lililofunguliwa Desemba 2012, ni mfano mzuri. Humo wachezaji huuziana vitu visivyoshikika, kama vile mapambo ya bunduki za mchezo wa Counter-Strike, na mwenye soko hukata asilimia 5 ya kila mauzo, mbali na ada ya mchezo wenyewe. Binadamu huona picha, bei ya chini na mchoro wa mauzo yaliyopita. Programu hupokea mistari mitupu: jina, bei, idadi.

Programu ya namna hii huitwa wakala, na kazi yake kuvinjari. Maneno yote mawili yamebeba zaidi ya yanavyotakiwa kubeba. Wakala katika biashara ya pwani ni mtu anayejulikana kwa jina na anayedaiwa hesabu na aliyemtuma, akikosea, anatafutwa. Nako kuvinjari, kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, kulikuwa kuzunguka kwa chombo baharini kwa kulinda au kutafuta. Anayevinjari alitazamiwa aione hatari. Chombo kinachosoma mistari mitupu kimepewa jina la mlinzi bila macho yake.

Hasara ya jambo hili si ya kubuni. Oktoba 2019 kampuni ya Valve, mwenye soko la Steam, ilizuia funguo mpya za kufungulia makasha ya Counter-Strike zisiuzwe tena sokoni humo. Ilieleza kwamba mitandao ya walaghai ilikuwa ikizitumia kugeuza mapato yake kuwa fedha, na kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikinunuliwa na kisha kuuzwa tena ziliaminika kuwa zimetokana na ulaghai. Bei zilikuwa pale kwa kila mtu kuziona, na idadi vilevile. Wakala angesoma kila mstari kwa usahihi na bado asingejua amesoma nini.

Nyangwe ilikwishaonyesha jambo hili kwa damu. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa sokoni hapo, akikisia watu waliokuwapo kuwa 1,500. Aliona watu watatu wa Dugumbe wameingia na bunduki, jambo lililomshangaza, kisha akamwona mmoja akibishania bei ya kuku na kumshika. Livingstone alikuwa ameanza kuondoka milio iliposikika katikati ya umati. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni, na ng'ambo ya Lualaba vijiji vilikuwa vinaungua. Katika orodha yoyote ya siku ile, kuku angekuwamo pamoja na bei yake. Bunduki zisingekuwamo, kwa kuwa hazikuletwa kuuzwa.

Hata bei yenyewe haina sauti moja. Mapatano ya Stanley na Tippu Tip ya mwaka 1876 kuhusu kumsindikiza yana viwango viwili. Stanley anataja dola 5,000. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anataja 7,000. Mhakiki hafuti mojawapo, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo habari. Chombo kinachorudisha kiwango kimoja tu huwa kimekwisha kuamua ugomvi pasipo kumwambia aliyekituma kwamba ugomvi upo.

Njia nzuri zaidi ya kufanya kazi hii tayari inajulikana, na imepitia Nyangwe. Shajara ya Livingstone ya 1871 iliandikwa juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda, nao ukafifia. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitoa picha zilizopigwa kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maandishi yakasomeka. Ilidhihirika kwamba shajara hiyo hailingani kila mahali na nakala safi aliyoiandika Livingstone baadaye, ambayo ndiyo iliyoelekeza kitabu kilichohaririwa na Horace Waller mwaka 1874. Watafiti hao waliweka picha ya ukurasa kando ya maandishi, ili msomaji aone doa liko wapi na neno gani limekisiwa. Wakala wa soko la michezo anaweza kudaiwa hivyohivyo: saa bei iliposomwa, soko iliposomwa, na safu zipi za ukurasa ambazo chombo kiliziacha.