Neno "Kung'atuka"

Yako maneno ambayo watu huyatamka kila siku bila kuyapima. Mojawapo ni kung'atuka, nasi twapenda kulipima leo pamoja na wasomaji wetu.

Neno hili halikutoka pwani. Asili yake ni Kizanaki, lugha ya huko Mara, na aliyelieneza katika Kiswahili ni Mwalimu Julius Nyerere, alipouacha urais wa Tanzania mwaka 1985. Kwa hiyo limekuja na picha ya mzee ambaye zamu yake imekwisha, akainuka kwa heshima na kuwapisha walio wadogo.

Tulilinganishe na jamaa zake. Kustaafu ni neno la mtumishi aliyetimiza miaka yake ya kazi. Kujiuzulu ni kujivua cheo, na mara nyingi msikiaji huuliza, "Amekosa nini?" Kurithisha hudai kitu na mtu: fulani amemrithisha mwanawe shamba. Basi asemaye kwamba kiongozi amemrithisha mtu madaraka, amekwisha kukubali kuwa madaraka yalikuwa mali yake kama shamba. Lakini kung'atuka hakutaji kitu wala mrithi. Mzee huinuka tu. Atakayekaa ni shauri la wenye kiti. Huo ndio uzuri wa neno hili.

Kwa kipimo hicho hatuna budi kumpima na yeye aliyelieneza. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi alichaguliwa kuwa rais, lakini uenyekiti wa CCM ulibaki kwa Mwalimu mpaka 1990. Wengine husema kwamba alikuwa akimshika mkono mgeni wa kazi. Huenda ndivyo, lakini aliyeinuka nusu bado amekaa, nasi twaona kwamba neno lilitimia mwaka 1990.

Siku hizi watu hupiga kelele, "Ang'atuke!" Hapo neno limeharibika, kwa maana anayesukumwa hang'atuki. Robert Mugabe aliuacha urais wa Zimbabwe Novemba 2017, baada ya majeshi kushika mambo. Huko ni kujiuzulu, tena kwa kulazimishwa.

Basi tusimpe kila aondokaye neno la heshima. Mwenyekiti wa kijiji, au wa kamati ya shule, au wa chama cha ushirika, akiinuka mwenyewe hali nguvu angali nazo, wala asimwonyeshe mtu kwa kidole, huyo amestahili kuambiwa kwamba ameng'atuka. Wengine wanayo maneno yao.